Uchaguzi wa Mabaraza ya Vijiji Visiwani: Mstari, Mtumbwi na Muhuri

Maandishi ya hotuba iliyotolewa na ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa mialo ya visiwa vya Sigulu, Wilaya ya Namayingo, Juni 2018



Tunazungumza Kiswahili leo kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo lugha iliyotulea sisi polisi tangu siku ya kwanza ya gwaride. Pili, hapa mwaloni panasikika Kisamia, Kijaluo, Kisoga na Kiganda kwa wakati mmoja, nasi hatukutaka mtu yeyote aondoke akidhani kwamba tumekuja kuzungumza na kabila la jirani yake.

Jambo lililotuleta ni uchaguzi wa tarehe 10 Julai. Siku hiyo kila kijiji cha Uganda, na vijiji hivyo ni zaidi ya 60,000, kitamchagua mwenyekiti wa baraza lake, yule tuliyezoea kumwita mwenyekiti wa LC1. Mara ya mwisho kumchagua ilikuwa mwaka 2001. Pigeni hesabu kidogo nasi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2001 sasa ana miaka 35. Hivyo karibu kila baria tunayemwona hapa akirekebisha wavu hajawahi hata mara moja katika maisha yake kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Amempigia kura Rais, amempigia kura mbunge, lakini mtu anayeandika barua yake ya utambulisho hakumchagua yeye, alimkuta.

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu yake. Nchi ilirejea kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 2005, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba utaratibu wa kuwachagua viongozi wa vijiji haukulingana tena na Katiba. Sheria ilibidi irekebishwe na fedha zitafutwe, na miaka ikapita. Wenyeviti wa 2001 waliendelea kututumikia kwa sababu hapakuwa na wa kuwapokea. Wengine wamezeeka wakiwa kazini, wengine wamehamia bara, wengine tumewazika. Tunawashukuru. Malipo ya mwenyekiti ni shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, na wapo waliotumia zaidi ya hizo kwa mafuta ya injini tu, wakimpeleka mgonjwa hospitalini usiku.

Tuseme wazi kwa nini polisi, ambao si Tume ya Uchaguzi na hawana mgombea, wanajishughulisha na jambo hili. Visiwa vingi havina kituo cha polisi. Injini ikiibwa saa nane za usiku, mtu wa kwanza kugongewa mlango ni mwenyekiti. Mwili wa mvuvi ukielea ufukweni, mtu wa kwanza kuitwa autambue ni yeye. Mgeni akishuka na mzigo usioeleweka, yeye ndiye anayetakiwa kumuuliza ametoka wapi na anafikia kwa nani. Sisi hufika baadaye, ziwa likituruhusu, na kazi yetu yote huanzia kwenye maneno aliyotuandalia. Mwenyekiti akiwa wa kuaminika, upelelezi wetu huwa na miguu. Akiwa si wa kuaminika, au akiwa hayupo, tunapapasa gizani.

Katika kisiwa kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwa wenyewe wanajifahamu, mwenyekiti wa 2001 alifariki miaka mingi iliyopita. Makamu wake akaendelea na kazi. Mtoto wa marehemu naye akabaki na muhuri wa baba yake, akaendelea kuutumia. Yakawa mabaraza mawili kwenye mwalo mmoja. Kijana mmoja alizama, na ndugu zake wakahitaji barua ya kumsafirisha kwenda kumzika kwao. Makamu akaandika barua. Upande wa pili ukasema barua hiyo si halali, nao ukaandika ya kwao, jina la marehemu likiwa tofauti kidogo. Maiti ile ilikaa siku nzima kivulini ikilindwa na akina mama huku wanaume wakigombana juu ya wino. Hatukumkamata mtu, maana hakuna aliyekuwa mwizi. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyechaguliwa na wote mbele ya wote. Tarehe 10 Julai ndiyo dawa ya ugonjwa huo, nasi tunataka inywewe bila kumwagwa.

Uchaguzi huu hautakuwa na karatasi wala sanduku. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yameagiza wapiga kura wapange mstari nyuma ya mgombea, au mwakilishi wake, au picha au alama yake. Wazee hawaoni jambo geni hapo, kwa maana hata mabaraza ya mwanzo, tuliyoyaita RC baada ya 1986, yalichaguliwa kwa mstari. Utaratibu huu hauna gharama kubwa, ni mwepesi, na asiyejua kusoma hahitaji kusaidiwa na mtu. Hizo ni faida za kweli.

Ila mstari una tabia yake. Unaonyesha kila kitu. Na kisiwa kidogo hakisahau.

Mtumbwi mmoja wa dagaa, au mukene, au omena kama wasemavyo majirani, huwa na wanaume watatu au wanne. Mtumbwi ni wa tajiri. Wavu ni wake, injini ni yake, na taa ni zake. Baria ana mikono yake na fungu lake la mavuno, na mara nyingi hata fungu hilo amekwisha kulikopa kwa unga na sabuni. Sasa tajiri ana mgombea, au yeye mwenyewe ni mgombea. Baria anasimama uwanjani asubuhi, anatazama mistari miwili, na mbele ya mmoja amesimama mtu anayeamua kama jioni atapanda mtumbwi au atabaki ufukweni. Kura ya siri ingemfunika. Mstari haumfuniki. Sheria imechagua mstari, na kazi yetu ni kuisimamia ifuatwe. Lakini tungekuwa watu wa ajabu kama tungejifanya hatuoni uzito wa hatua zile chache anazozipiga kijana huyo.

Kwa hiyo tuna maombi kwa wenye mitumbwi. Tumieni nafasi ambayo sheria imewapa. Mgombea mwenye mabaria wake mwenyewe asisimame mbele ya mstari akiwakazia macho; aweke mwakilishi, au aweke picha yake. Picha haina hasira, wala haiweki kumbukumbu ya nani alikwenda wapi. Pili, tunawaomba mtamke leo, hapa hapa, mbele ya watu hawa, kwamba hakuna baria atakayeshushwa mtumbwini kwa sababu ya mstari aliosimama. Hatutaki hati wala sahihi. Neno la mwaloni lililosikiwa na akina mama linatosha, kwa kuwa wao ndio watakaolikumbusha. Na kwa asiyetosheka na neno, tunasema kwa lugha ya kazi yetu kwamba kumtisha mpiga kura ni kosa la uchaguzi, na baria anayetishwa aje kituoni au amwone askari yeyote. Atasikilizwa kama tajiri anavyosikilizwa injini yake inapopotea.

Jambo jingine limo angani. Tazameni kalenda ya mwezi. Mwezi mpya utaandama mnamo tarehe 13 Julai, na maana yake ni kwamba usiku wa kuamkia uchaguzi utakuwa usiku wa giza, wakati ambapo taa huwavuta dagaa vizuri. Mitumbwi mingi itakuwa ziwani. Wanaume watarudi alfajiri wakiwa hawajalala, na wanawake watakuwa na samaki wabichi wa kuanika kabla jua halijawa kali na mvua haijatishia. Anayepanga uchaguzi mjini hawezi kulifahamu hili, na hatumlaumu. Lakini ninyi mnalifahamu. Zungumzeni mapema na msimamizi wa kijiji chenu ili watu wajue saa ya kupanga mstari na wasikie mara moja wakiitwa. Kila nyumba ipange nani ataanika na nani atatangulia uwanjani. Mtu aliyekesha hana uvumilivu. Neno dogo humwasha. Tumeona ugomvi mkubwa ukizaliwa na usingizi tu.

Halafu kuna daftari. Anayeruhusiwa kupanga mstari ni raia wa Uganda mwenye miaka 18 au zaidi, mkazi wa kijiji hicho, aliyeandikwa katika daftari la wapiga kura la kijiji. Bara, jambo hili ni rahisi, kwa kuwa shamba halihami. Huku watu hufuata samaki. Mtu ameandikwa Sigulu, miezi hii anavua Lolwe, na mke wake yuko bara. Yeye ni mkazi wa wapi? Kila mgombea ana jibu linalomfaa. Na hapo ndipo mashua za alfajiri zinapoanza kutajwa katika mazungumzo ya jioni. Kijiji kikiwa na watu 200 mstarini, 30 wa kuletwa wanatosha kubadili mwenyekiti, na kesho yake wanarudi walikotoka na kuwaachia ninyi kiongozi wao.

Lisomeni daftari likiwa mbele yenu. Kama wengi hawasomi, kijana mmoja alisome kwa sauti, jina kwa jina, wazee wakisikiliza. Jina la mtu asiyejulikana lipingwe wakati huo, kwa mwenye dhamana ya daftari na kwa utaratibu wake. Likishapita, msije mkalipinga kwa kasia siku ya uchaguzi. Sisi tutakuwa na mashua ya doria, lakini hatutamzuia mtu njiani kwa sababu tu sura yake si ya hapa. Ziwa ni njia ya watu wote, na kazi ya kujua nani ameandikwa ni ya msimamizi mwenye daftari mkononi.

Majirani zetu kutoka Kenya wametuuliza, kabla hatujaanza kuzungumza, kama nao wanaweza kusimama mstarini, maana wengine wana miaka kumi hapa na watoto wanasoma shule ya hapa. Jibu ni hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua mlango wa kuishi na kufanya kazi, lakini haikufungua mlango wa kupiga kura. Huo ni wa uraia. Siku ile tunawaomba mkae pembeni, msiingie uwanjani hata kwa kumshangilia rafiki, kwa sababu mtu mmoja akionekana mstarini bila haki, lawama itawafikia wote.

Lakini tunawageukia wagombea kwa upande wa pili wa jambo hilo. Mwenyekiti mtakayemchagua ni mwenyekiti wa kila mtu anayelala kijijini, awe amesimama mstarini au hakusimama. Mkenya akiibiwa wavu, Mtanzania akiugua, Mkongomani akidaiwa, wote watakuja mlangoni kwake. Tumesikia kwamba katika mwalo fulani kampeni inaendeshwa kwa neno moja tu, kwamba wageni waondoke. Ni neno jepesi kulitamka na zito kulirudisha. Robo tatu ya matatizo tunayoyatatua ziwani hutatuliwa kwa sababu mtu wa ng'ambo alitupigia simu. Injini zilizoibwa huku mara nyingi huonekana kwanza ng'ambo. Nani atapiga simu kama ndugu yake amechomewa kibanda? (Na atakayetaka kutuuliza juu ya Migingo, tunamwomba radhi mapema. Jiwe lile lina wakubwa wake wanaolizungumzia. Leo tunazungumzia vijiji.)

Kwa manufaa ya majirani hao, tuongeze kwamba mifumo yetu haifanani. Kenya, chifu na naibu wake huajiriwa na serikali. Hakuna anayewapangia mstari. Tanzania, wenyeviti wa vijiji na vitongoji huchaguliwa, na mara ya mwisho ilikuwa Desemba 2014. Ndiyo maana Mkenya akifika kwetu humtafuta chifu asimwone, na Mganda akivuka humtafuta mwenyekiti naye asimwone.

Wakenya wenye umri wa makamo, hata hivyo, wanaujua mstari kuliko sisi. Hawajausahau mlolongo wa 1988, wakati wagombea wa chama cha KANU walipoteuliwa kwa watu kupanga foleni, na aliyepata asilimia 70 au zaidi akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Malalamiko kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu yalienea nchi nzima, na utaratibu ule ukaondolewa mwaka 1990. Tunautaja kwa sababu una somo la kiufundi. Karatasi huweza kuhesabiwa tena kesho. Mstari ukishavunjika, umekwisha. Hakuna hakimu anayeweza kuwarudisha watu uwanjani kila mmoja mahali pake. Kwa hiyo kila kitu kiko katika zile dakika chache za kuhesabu. Tunashauri kuhesabu kufanyike kwa sauti ambayo hata wa mwisho mstarini ataisikia. Kila mgombea awe na mtu wake anayetembea sambamba na msimamizi. Asitoke mtu mstarini, hata kama jua linachoma, hata kama mtoto analia, mpaka idadi iandikwe na isomwe. Asiyeridhika aseme pale pale, na asiposikilizwa apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Uchaguzi na mahakamani.

Askari hatahesabu mstari. Mkimwomba ahesabu, atakataa, na msimwone mwenye kiburi. Siku askari atakapohesabu kura zenu, hamtakuwa na wa kumwita mtakapogombana. Tena hatuna askari wa kutosha kusimama katika kila kijiji. Vijiji vingine vitajilinda vyenyewe, na vijana wa polisi jamii ambao tumewafunza wanajua namba za kupiga.

Mtu ametuuliza kwa siri ni mwenyekiti wa namna gani polisi wangependa. Hatumpendi wala kumchukia mtu. Ila tunaweza kuwaambia kazi yake, kisha mpime wenyewe. Yeye na halmashauri yake ya watu 10 ndio mahakama ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 2006. Wanaweza kusikiliza madai ya deni, mapatano yaliyovunjwa, ugomvi wa ngumi, na mali iliyoharibiwa, mradi thamani isizidi shilingi milioni 2. Mambo ya mila, kama ardhi ya kimila na urithi, hayana kikomo hicho. Asiyeridhika hukata rufaa kwa baraza la parishi. Mauaji hayamo humo. Ubakaji haumo humo. Mtoto wa kike akiharibiwa, mwenyekiti hana mamlaka ya kukaa chini ya mti na pande mbili na kukubaliana juu ya mbuzi na galoni ya mafuta. Tunajua kwamba hufanyika. Kituo kiko mbali, mafuta ni ghali, aliyefanya ni mtoto wa tajiri au ndiye tajiri mwenyewe, na mama wa mtoto anaambiwa asiliharibu jina la mwalo. Akina mama, wagombea watakapokuja kuwaomba kura, waulizeni swali hilo moja mbele ya watu: likitokea, utapiga simu kwa nani? Msikilize jibu lake na muda anaoutumia kulitafuta.

Maneno yetu ya mwisho ni ya ziwa. Siku ya uchaguzi kutakuwa na safari nyingi fupi, na safari fupi ndizo zinazoua, kwa kuwa watu huziona si safari. Mtumbwi wa watu 10 usibebe 20 kwa sababu mgombea amelipia mafuta. Vaeni majaketi ya kuokoa maisha. Asiye nalo asikubali kukaa ukingoni. Mstari ukiisha, msikimbilie kuvuka mchana upepo ukiwa umeamka na pombe ya ushindi ikiwa kichwani. Washindi wa kweli wanaweza kusubiri utulivu wa jioni.

Namba za simu za kituo na za mashua ya doria zimeandikwa kwenye ubao pale penye mizani ya samaki. Tunawaomba wenye mitumbwi waje mbele sasa, mmoja mmoja, watamke lile neno tuliloliomba. Baada yao tutapokea maswali, na tutakaa hapa mpaka saa tisa.